Kano ya Bega Imechanika: Je, Nilipie Tiba ya Chembe za Damu?

SWALI

Kwako Daktari,

Mimi ni fundi wa dari za jipsamu hapa Nakuru, mwenye umri wa miaka 53, na karibu kazi yangu yote hufanywa mikono ikiwa juu ya kichwa. Wakati wa mvua ndefu niliteleza jukwaani katika nyumba moja upande wa Bahati, nikajishika kwa mkono wa kulia nisianguke, na papo hapo nikahisi kitu kikiachia ndani ya bega. Tangu siku hiyo mkono huo haupandi kupita kifua bila kusaidiwa na wa kushoto. Siwezi kuchana nywele, siwezi kufikia rafu ya juu jikoni, na nikipanda matatu lazima nishike mlango kwa mkono usio wangu wa kawaida. Usiku ndio mgumu zaidi, kwa sababu nikigeukia upande huo maumivu huniamsha.

Awali nilikwenda kwenye kliniki moja ya mtaani nikachomwa sindano ya steroidi begani, nikapata nafuu ya majuma machache, kisha nikarudi nikachomwa ya pili. Ilipoisha nguvu nikawa nanunua diklofenaki dukani karibu kila siku. Hatimaye nilipigwa picha ya MRI, na daktari wa mifupa akanieleza kwamba kano moja imechanika kabisa na kuachana na mfupa, mpasuko wa takriban sentimita 3, ingawa misuli yenyewe bado haijaharibika sana. Anapendekeza upasuaji wa kamera ili kano ishonwe tena mfupani.

Hospitali ya kibinafsi ninakotarajia kupasuliwa imeniambia kuwa inaweza kuongeza tiba ya chembe za kugandisha damu, zinazotolewa katika damu yangu mwenyewe, ili kano ipone haraka. Gharama yake iko kando na ya upasuaji, nayo inakaribia karo ya muhula mzima ya kijana wangu aliye kidato cha tatu. Shemeji yangu wa Kisumu, ambaye alichomwa sindano za aina hiyo gotini na sasa anatembea vizuri, anasisitiza kwamba nikichomwa tatu begani, kano itajiunga yenyewe bila kisu. Mke wangu naye anahofia kwamba damu ikishatolewa inaweza kuchanganywa na ya mtu mwingine.

Nina kisukari ninachotibu kwa tembe, na sukari yangu hupanda na kushuka. Je, tiba hii inafaa? Nilipie, au fedha hizo zibaki za karo?

Fundi wa Dari, Nakuru


JIBU

Ndugu Fundi,

Pole sana kwa ajali na kwa usiku wa kukesha. Nitaanza na shauri la shemeji yako, kwa sababu ndilo linaloweza kukugharimu zaidi, ingawa najua amelitoa kwa nia njema. Goti lake na bega lako ni mambo mawili tofauti. Magoti ya watu wa makamo mara nyingi huuma kwa kuwa gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, limelika, na sindano ya chembe za damu huweza kupunguza maumivu ya namna hiyo kwa muda. Wewe una kano iliyong'oka mfupani, ambayo msuli wake unaendelea kuivuta na kuirudisha nyuma, na kati ya ncha yake na mfupa pamebaki pengo lililojaa majimaji ya kiungo. Hakuna sindano, iwe ya chembe za damu au ya kitu kingine chochote, itakayoishika kano hiyo na kuirejesha mahali pake. Sindano pekee huweza kujaribiwa pale kano ilipochanika kiasi bila kuachana na mfupa, na hata huko tafiti zinapingana.

Ni kweli kwamba wako watu wengi wenye mipasuko kamili ambao hufanya fiziotherapia wakaishi vizuri bila kupasuliwa. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013, wagonjwa 452 wenye mipasuko isiyotokana na ajali walianzishiwa mazoezi, na katika muda wa miaka 2 wale walioishia kupasuliwa walikuwa chini ya robo. Lakini mpasuko wako umetokana na kuteleza, nguvu za kufanya kazi bado unazo, na riziki yako iko juu ya kichwa chako. Kwa mtu wa hali yako madaktari wengi wa mifupa hupendelea kushona mapema, kabla msuli haujanyauka na kuingiwa na mafuta, kwa maana mafuta hayo yakishaingia hayatoki hata kano ikishonwa kwa ustadi. Ripoti yako inasema msuli bado ni mzima kwa kiasi kikubwa. Hiyo ndiyo akiba uliyo nayo, nayo hupungua kadiri unavyongoja.

Kwa hiyo naunga mkono upasuaji. Swali linalobaki ni kama chembe za damu zinaongeza kitu, na hapo inafaa ujue kwanza kinachofanyika.

Bega huzungushwa na kundi la misuli minne ambayo kano zake hukumbatia kichwa cha mfupa wa mkono. Ile ya juu ndiyo huchanika mara nyingi, na kwa dalili ulizoeleza yaelekea ndiyo yako. Daktari hupigilia nanga ndogo mfupani na kuivuta kano kwa nyuzi hadi igusane na mfupa, lakini kugusana si kushikamana. Mwili hujenga kovu kati ya viwili hivyo kwa miezi mingi, na kovu hilo halifikii uimara wa maungio ya asili, ambako kano hubadilika taratibu kuwa gegedu na gegedu kuwa mfupa. Isitoshe, kano ya mtu mzima haina damu nyingi. Ndiyo sababu sehemu iliyoshonwa huweza kuachia tena, na kadiri mpasuko ulivyo mkubwa ndivyo hatari hiyo inavyozidi. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2004 uliwafuatilia wagonjwa 18 waliokuwa na mipasuko mikubwa sana, na picha zikaonyesha kuwa 17 kati yao walikuwa wamechanika tena. Usitishwe na hesabu hiyo: wako ni wa wastani, mbinu za kushona zimeendelea tangu wakati huo, na jambo la ajabu ni kwamba wengi wa wagonjwa hao walikuwa wamepata nafuu kubwa ya maumivu licha ya kano kuachia. Kumbuka jambo hilo la mwisho, kwa sababu linaeleza mengi katika yanayofuata.

Chembe za kugandisha damu, ambazo madaktari huziita pleteleti, ni kati ya 150,000 na 450,000 katika kila mikrolita ya damu ya mtu mwenye afya. Kazi yake inayojulikana ni kuziba jeraha, lakini ndani yake mna vifuko vyenye protini zinazoita seli za ukarabati, kuchochea ujenzi wa nyuzi za kolajeni na kuotesha mishipa midogo ya damu. Wazo la tiba ni kuzikusanya kwa wingi na kuziweka pale ambapo damu haifiki vya kutosha. Utatolewa damu mkononi kama ya vipimo, ila nyingi zaidi, kwa kawaida mililita 15 hadi 60 kutegemea vifaa vinavyotumika, kisha mrija huwekwa kwenye mashine inayozunguka kwa kasi kwa dakika kadhaa. Mrija huo ukitolewa huonekana una matabaka matatu: nyekundu nzito chini, utando mwembamba mweupe katikati, na majimaji ya rangi ya manjano juu. Pleteleti hukusanyika karibu na ule utando na sehemu ya chini ya yale majimaji, na hiyo ndiyo sehemu inayofyonzwa na kuwekwa kati ya kano na mfupa mwishoni mwa upasuaji.

Je, inasaidia? Hapa ndipo ninapotofautiana na wale waliokuambia kwamba kano itapona haraka. Utafiti wa Italia wa mwaka 2011 uliwagawa kwa kura wagonjwa 88 wenye mipasuko midogo na ya wastani. Nusu waliwekewa pleteleti zilizogandishwa kuwa utando wa fibrini, yaani nyuzi za protini ya damu iliyoganda, na mwishowe haikuonekana tofauti yoyote ya maana kati yao na wenzao. Huko New York, mwaka 2012, wagonjwa 79 waliwekewa au kutowekewa utando wa aina hiyohiyo, na matokeo hayakuwa bora. Kwa upande mwingine, madaktari wa Korea Kusini walichapisha mwaka 2013 utafiti wa wagonjwa 48 wenye mipasuko mikubwa hadi mikubwa mno: waliopewa pleteleti walichanika tena kwa asilimia 20, na wasiopewa kwa asilimia 55.6. Hiyo ni tofauti kubwa. Hata hivyo, wagonjwa walipoulizwa na kupimwa kuhusu maumivu na matumizi ya mkono, makundi hayo mawili yalikuwa karibu sawa katika vipimo vingi, na ndiyo sababu nilikuomba ukumbuke wale wagonjwa wa mwaka 2004.

Chuo cha Marekani cha Madaktari wa Upasuaji wa Mifupa kilipotoa mwongozo wake mwaka 2019 kilifika mahali hapo hapo: ushahidi wenye nguvu hauonyeshi kwamba mgonjwa mwenyewe atahisi au kutumia mkono vizuri zaidi kwa sababu ya pleteleti, ila kuna ushahidi mdogo kwamba pleteleti za majimaji, si zile zilizogandishwa kuwa utando, hupunguza uwezekano wa kano kuchanika tena. Kwa karani wa ofisi tofauti hiyo huenda isiwe na uzito. Kwako wewe, unayesukuma bodi ya jipsamu juu kwa mkono mmoja huku mwingine ukikaza skrubu, kano iliyoshika ina thamani, maana nguvu ya kuinua hutegemea kano nzima kuliko maumivu yanavyoitegemea. Siiti tiba hii ulaghai, basi. Naiita nyongeza inayoweza kusaidia kidogo, ambayo wauzaji wameivisha vazi kubwa kuliko mwili wake.

Kuna mambo ambayo yataamua hatima ya bega lako kuliko pleteleti, na mengi hayahitaji fedha za karo. La kwanza ni sukari. Sukari ikiwa juu, kolajeni hujengwa vibaya, kidonda huchelewa kufunga na maambukizi hupata nafasi. Kabla ya kukubali tarehe ya upasuaji, pima kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa takriban miezi 3, kisha daktari wako wa kisukari na yule wa mifupa wazungumze kuhusu matokeo yake. Ikibidi upasuaji usogezwe majuma machache ili tembe zibadilishwe au insulini ianzishwe, kubali. Na kama unavuta sigara, huu ndio wakati wa kuziacha, maana hubana mishipa midogo ileile ya damu ambayo unatafuta kuilipia.

La pili ni zile sindano za steroidi. Hupunguza uvimbe na maumivu, lakini zikirudiwarudiwa hudhoofisha kano, na kwa mwenye kisukari hupandisha sukari kwa siku kadhaa. Zikichomwa karibu na upasuaji huongeza hatari ya maambukizi. Mwambie daktari wako tarehe ya sindano ya mwisho hata kama hakukuuliza, na usikubali nyingine.

Diklofenaki nayo ina shida mbili. Kuimeza kila siku kwa muda mrefu ni hatari kwa tumbo na kwa figo, hasa figo za mtu mwenye kisukari, na pia dawa za jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni na aspirini, huzuia pleteleti zisifanye kazi yake. Pleteleti huishi siku 7 hadi 10 tu, na ile iliyoguswa na aspirini haifufuki, hungoja kufa na nafasi yake kuchukuliwa na mpya. Mtu anayelipa fedha nyingi kukusanyiwa pleteleti huku amemeza dawa za kuzilemaza asubuhi hiyo amejitoza mara mbili. Muulize daktari ni dawa gani utumie badala yake na uache hii lini. Lakini kama unatumia aspirini ya moyo au dawa yoyote ya kuyeyusha damu, usiiache kwa shauri langu wala la jirani, mpaka aliyekuandikia aseme.

Mwambie mama watoto kwamba hofu yake ni ya haki. Tiba hii ni salama kwa sehemu kubwa kwa kuwa damu ni yako mwenyewe, na usalama huo hutoweka pale mirija inapochanganywa. Kazi yote hufanyika siku hiyohiyo katika chumba cha upasuaji au jirani yake, kwa vifaa vipya vinavyofunguliwa kwenye pakiti iliyofungwa, na jina lako huandikwa kwenye mrija mbele yako kabla hujalala. Kliniki inayotaka kuchukua damu leo na kukurudishia wiki ijayo, uiage. Aidha, tiba hii haifai kwa mtu mwenye pleteleti chache mno, maambukizi yanayoendelea, au saratani, ndiyo maana hesabu kamili ya damu hupimwa kwanza. Na kabla ya yote, hakikisha kwamba daktari yumo katika sajili ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, jambo unaloweza kulifanya kwa simu yako kupitia tovuti yao.

Kisha muulize daktari wa upasuaji maswali machache na usione haya, kwa kuwa ndiye atakayelipwa. Atatumia pleteleti za majimaji au za utando? Zitakuwa na chembe nyeupe nyingi au chache, na kwa nini amechagua hivyo? Upasuaji wa kamera hufanywa bega likijazwa maji ya chumvi wakati wote. Atafanyaje ili dawa isisombwe nayo? Akikujibu kwa utulivu, hata akisema ushahidi bado ni mdogo, huyo ni mtu wa kuaminiwa. Akikuahidi kwamba utarudi juu ya jukwaa kwa nusu ya muda wa wengine, rudi nyumbani ukafikiri upya.

Kuhusu fedha, nitasema wazi. Piga hesabu ya upasuaji, dawa, nauli na fiziotherapia ya miezi 4 hadi 6 bila kukatiza, pamoja na matumizi ya nyumbani kwa muda ambao hutakuwa kazini. Nenda ofisi ya bima ya hospitali ukaulize ni sehemu gani ya hayo Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, itakulipia, na uombe jibu kwa maandishi kabla ya kulazwa. Uliza pia gharama ya fiziotherapia katika hospitali ya rufaa ya kaunti hapo Nakuru, kwani si lazima mazoezi yafanyike pale ulipopasuliwa. Kama baada ya hayo yote fedha zimebaki na karo haikuguswa, kuongeza pleteleti za majimaji kwa mpasuko wa ukubwa wako ni uamuzi usio na lawama. Kama lazima uchague kati ya pleteleti na fiziotherapia, au kati ya pleteleti na karo ya kijana, ziache pleteleti.

Nasisitiza fiziotherapia kwa sababu nimeona bega lililoshonwa vizuri likiharibika mikononi mwa mwenyewe. Mkono wako utaning'inizwa kwenye mkanda wa bega kwa majuma 4 hadi 6, mchana na usiku, na katika muda huo mtaalamu ndiye atakayeusogeza kwa ajili yako. Maumivu hupungua mapema, mara nyingi kabla kovu halijawa imara, na hapo ndipo mafundi hujaribu. Wewe unajua kwamba mbao za kushikilia slabu haziondolewi kwa kuwa zege linaonekana kavu juu. Nyuzi za bega lako zinafanya kazi hiyohiyo. Kuinua mkono kwa nguvu zako mwenyewe huanza baada ya takriban majuma 6, na mazoezi ya kujenga nguvu huanza yapata juma la 12, kwa ratiba ambayo daktari wako anaweza kuibadilisha kulingana na alivyoikuta kano. Lala ukiwa umeegemea mito, nusu umekaa. Katika matatu, keti upande ambao bega hilo litaelekea dirishani ili anayepita asiligonge, na makanga asikusaidie kushuka kwa kulivuta.

Zungumza mapema na vijana unaofanya nao kazi. Miezi michache baada ya upasuaji, daktari akikuruhusu, unaweza kurudi kupima, kukata bodi mezani na kusimamia, kazi zote zikiwa chini ya usawa wa kifua. Kufunga dari kusitarajiwe kabla ya miezi 6, na kwa mwenye kisukari huenda ikawa zaidi, kwa hiyo mkataba wowote wa dari unaoutia saini sasa uandike jina la fundi mwingine wa kupanda jukwaani.